Kumuuguza tetea mgonjwa nyumbani: joto, maji, kisha chakula

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Lushoto. Tuna tetea wa kishingo mwenye miaka mitatu, binti yangu alimlea tangu kifaranga na tunamwita Kibibi. Ana siku mbili hagusi chakula, amejikunyata, mkia umelala, tumbo limeshuka kwa nyuma na ukilishika ni kama limejaa maji. Kinyesi ni cha kijani chenye weupe. Wiki mbili zilizopita alitaga yai lisilo na ganda, na tangu hapo hajataga. Kuku wengine saba ni wazima, na wote walitiwa matone ya chanjo ya mdondo mwezi wa tano. Nimenunua OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) dukani nikaichanganya kwenye maji yake, na nimempa pia chokaa ya kuku. Usiku namweka jikoni karibu na jiko la mkaa kwa sababu ya baridi hii ya Julai. Majirani wanasema nimchinje kabla hajafa. Je, naweza kumuuguza nyumbani, na nitajuaje kwamba sasa basi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na poleni wewe na binti yako. Umeeleza dalili kwa utaratibu unaonisaidia kujibu, ingawa maandishi hayawezi kuchukua nafasi ya mkono wa mtaalamu aliyemshika kuku mwenyewe. Mwite afisa mifugo wa kata yako kesho asubuhi. Haya ninayokuandikia ni ya kufanya kuanzia usiku huu, kabla hajafika na baada ya kuondoka.

Kumuuguza inawezekana. Hata hivyo, uelewe tangu mwanzo kwamba katika kumuuguza kuku, dawa si jambo la kwanza. La kwanza ni kujua kipi kitangulie kipi. Kuku aliyepoa hawezi kusaga chakula, na kuku aliyekaukiwa maji mwilini akijazwa chakula, gole lake, yaani fuko la chakula lililo chini ya shingo, husimama, chakula huchacha humo ndani, na mgonjwa aliyekuwa na tatizo moja anakuwa na mawili. Joto hutangulia, maji hufuata, chakula huja baada yake, na dawa huingia pale mtaalamu anapojua anatibu nini. Wafugaji wengi hufuata mkondo wa kinyume: huanza na dawa, humlazimisha kula, na joto hawalikumbuki kabisa. Wewe umelikumbuka, ila kwa njia ya hatari, nami nitaieleza hivi punde.

Kwanza tuzungumzie ugonjwa wenyewe. Rangi ya kijani kwenye kinyesi huwatisha wafugaji kwa kuwa ni mojawapo ya dalili za mdondo, ambao wengine huuita kideri. Lakini kuku yeyote aliyekaa siku mbili bila kula hutoa kinyesi cha kijani, kwa sababu nyongo inaendelea kushuka kwenye utumbo usio na chakula; na ule weupe ni mkojo wake, kwani mkojo wa kuku hutoka ukiwa mzito na mweupe, pamoja na kinyesi. Mdondo ungekuwa umeingia bandani mwako, nisingetarajia kuku mmoja azubae peke yake huku wenzake saba wakiparua ardhi. Matone uliyowatia mwezi wa tano bado yanawakinga, mradi tu chanjo ilihifadhiwa na kutolewa vizuri, na utayarudia baada ya miezi 3 hadi 4. Usimchanje Kibibi sasa kwa kudhani utamponya, kwa maana chanjo humkinga aliye mzima na haimtibu aliyekwisha kuugua. Lakini iwapo hata mmoja kati ya wale saba ataanza kukoroma, kupinda shingo au kufa ghafla, mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo, maana mdondo na mafua makali ya ndege ni magonjwa ambayo sheria inataka yatolewe taarifa.

Yai lisilo na ganda, kukoma kutaga, mkia kulala na tumbo kujaa ni dalili zinazoelekeza kwenye mfumo wa uzazi. Kuna mambo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe. La kwanza ni yai kukwama njiani, ambalo ni la dharura. La pili ni kiini cha yai kuangukia ndani ya tumbo badala ya kuingia kwenye mrija wa mayai, kikavutia bakteria, tumbo likapata uvimbe na kujaa majimaji. Matetea wenye umri wa Kibibi na kuendelea hupatwa sana na hili la pili, na yai lisilo na ganda mara nyingi huwa ishara ya mapema kwamba mambo hayaendi sawa huko ndani. Kwa jinsi ulivyoeleza tumbo lake, ninalishuku zaidi hili la pili, lakini hatuwezi kulipuuza la kwanza.

Ili kulichunguza, msaidizi amshike Kibibi akiwa amesimama wima, mabawa yakiwa yamezuiwa kwa khanga bila kubanwa kifua. Nawa mikono, vaa glavu, paka mafuta ya kujipaka kwenye kidole kidogo, kisha kiingize taratibu sana kwenye njia ya haja. Yai lililokwama karibu na mlango huhisika likiwa gumu na laini juu yake, ndani ya sentimita 5 za mwanzo. Ukilikuta, usilibonyeze wala usilivunje, kwa sababu vipande vya ganda hukata njia ya uzazi na kuacha maambukizi yanayoua. Mwogeshe sehemu ya nyuma ya mwili kwa maji ya uvuguvugu, yale ambayo kiwiko chako kinayasikia kuwa na joto la kupendeza, kwa dakika 15 hadi 20, mkaushe kabisa, mrudishe mahali penye joto na giza, na umtafute mtaalamu usiku huohuo ikiwezekana, kwani sindano ya madini ya kalisiamu mara nyingi ndiyo inayoupa mrija nguvu ya kusukuma. Usipohisi yai, acha kutafuta. Kumpekua mara kwa mara humchosha zaidi ya ugonjwa wenyewe.

Sasa nije kwenye joto. Mwili wa kuku mzima una joto la nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, yaani zaidi yetu kwa nyuzi nne au tano, ndiyo maana kuku mwenye afya ukimshika chini ya bawa huhisi kama ana homa. Kulitunza joto hilo kunahitaji chakula, na asiyekula analilipia kwa nyama ya kidari chake mwenyewe. Kibibi ana mzigo wa ziada: ni wa kishingo, hana manyoya shingoni, na umbile hilo linalomfaa sana kuku wa Pwani wakati wa joto linamgharimu huko kwenu milimani wakati wa kipupwe. Kwa hiyo mtafutie katoni kubwa au tenga lililozungushiwa blanketi, utandike maranda makavu au magazeti yenye khanga kuukuu juu yake, na hewa ndani yake uipandishe hadi nyuzi 27 hadi 30. Kama huna kipimajoto cha chumba, mwangalie yeye mwenyewe: akiendelea kujikunyata huku manyoya yamesimama bado ana baridi, na akihema mdomo wazi huku ameachanisha mabawa na mwili, umezidisha.

Jiko la mkaa liondoke alipo, leo hii. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu kila msimu wa baridi, na mapafu ya ndege huchukua hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko yetu, hivyo sumu hiyo humfikia yeye kwanza. Jikoni pia si mahali pake kwa sababu ya usafi, jambo nitakalolirudia. Badala ya jiko, jaza maji ya moto kwenye chupa mbili za plastiki ngumu, zifunge kwa taulo, uziweke upande mmoja tu wa katoni ili aweze kusogea akizidiwa na joto, na uzibadilishe kabla hujalala na tena alfajiri. Taa ya umeme hutoa joto zuri, lakini siipendi kwa mgonjwa wa aina hii, kwani mwanga unaorefusha siku huuchochea mwili wa tetea kutengeneza mayai, na mayai ndiyo tunayotaka apumzike nayo. Usiku uwe usiku. Kuku hahitaji kuamshwa kila saa kama mtoto mwenye homa. Giza na utulivu ni sehemu ya matibabu.

Mpe saa moja au mbili za joto kabla ya kumpa chochote. Kisha maji. Chemsha lita 1 ya maji, yakipoa tia kijiko kimoja cha chai cha sukari na robo ya kijiko hichohicho cha chumvi, koroga, na uyatumie yakiwa vuguvugu. Yanayobaki yamwage baada ya saa 24. Usizidishe chumvi kwa kudhani unamwongezea nguvu, kwa sababu figo za kuku haziimudu. Kiasi cha kumtosha mgonjwa anayelala tu ni takribani mililita 50 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na aliyekaukiwa huhitaji zaidi ya hapo. Tetea wa kienyeji mwenye kilo moja na nusu, basi, atahitaji angalau mililita 75, ambazo ni kidogo kuliko nusu ya kikombe cha chai, lakini zigawe mara sita au saba kati ya alfajiri na machweo.

Hapa ndipo wengi huwaua kuku wao bila kujua, kwa hiyo naomba uniwie radhi nikirefusha. Ukiufunua mdomo wa kuku utaona kitundu kidogo kinachofunguka na kufunga nyuma ya ulimi. Hicho ni mlango wa koo la hewa, na hakina kifuniko cha kukilinda kama tulicho nacho sisi. Ukimpanua mdomo na kumiminia maji, sehemu yake huingia moja kwa moja mapafuni, na kesho yake utasema ugonjwa umemzidia. Njia salama ni kumwekea tone kwa tone pembeni mwa mdomo, kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kwa kijiko, na kumwacha ainue kichwa na kumeza mwenyewe kabla ya tone linalofuata. Akizubaa na kuacha tone lidondoke, subiri. Asiyeweza kumeza kabisa asinyweshwe kwa mdomo. Huyo anahitaji mrija wa kupitisha maji hadi goleni, au maji ya sindano chini ya ngozi, na mambo hayo mawili hujifunzi kwa kusoma. Afisa mifugo akikuonyesha namna ya kupitisha mrija kwa upande wa kulia wa shingo yake, ufanye mbele yake kwanza.

Kila asubuhi, kabla ya kitu chochote kuingia mdomoni mwake, pima gole kwa vidole, lile fuko lililo chini ya shingo, mbele ya kidari, upande wa kulia kidogo. Asubuhi linatakiwa liwe tupu. Likiwa bado limejaa kitu kama unga uliokandwa, au linabwaga maji huku mdomo ukinuka uchachu, chakula hakishuki, na ukiongeza kingine unaongeza tatizo. Katika hali hiyo mpe maji ya vuguvugu peke yake, lisugue gole taratibu kwa mviringo kwa dakika chache mara tatu kwa siku, na umwambie mtaalamu, kwani gole lililochacha mara nyingi lina fangasi, nayo antibiotiki huilisha badala ya kuiua. Usimpindue kichwa chini ili atapike; maji yatamwingia mapafuni kwa njia ileile niliyoieleza.

Gole likiwa tupu na mwili una joto, chakula kinaweza kuanza. Usianze na mahindi wala pumba. Mpe kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa na maji vuguvugu hadi kiwe kama uji mzito, au chakula cha vifaranga kilicholowekwa, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa wakati mmoja, ukimpaka kidogo kwenye ncha ya mdomo ili aonje mwenyewe. (Ndiyo, kuku anaweza kula yai, na lililopikwa halimfundishi kudonoa mayai bandani.) Siku inayofuata ongeza wali uliopondwa, dagaa waliosagwa wasio na chumvi, papai, mchicha uliokatwa kama wa kupamba. Kuku mgonjwa wakati mwingine hukataa bakuli lakini hudonoa kutoka kwenye kiganja cha mtu anayemjua, na hapo binti yako ana kazi ambayo mimi siiwezi. Maziwa asipewe. Maparachichi, ambayo Lushoto hayana shida, asipewe hata kidogo, kwa sababu tunda hilo, na zaidi majani na ganda lake, lina sumu inayoshambulia moyo wa ndege. Maharage yasiyoiva vizuri nayo yakae mbali.

Kuhusu OTC, nakuelewa kwa nini uliinunua, maana ndiyo dawa inayokaa mbele kwenye kila duka la pembejeo. Shida yake ni mbili. Kuku asiyekunywa hapati dozi ya dawa iliyo kwenye maji, na anachopata ni kipimo kidogo kinachowafundisha bakteria kuizoea. Isitoshe, kalisiamu iliyo kwenye chokaa uliyompa huishika dawa hiyo tumboni na kuizuia isiingie mwilini, kwa hiyo umempa viwili vizuri ambavyo kimoja kinamzuia mwenzake. Usimwongezee antibiotiki nyingine juu yake. Simamisha chokaa kwa sasa, mwachie maji safi ya kunywa kando ya yale ya sukari na chumvi, na afisa mifugo aamue kama aendelee na dawa hiyo kwa sindano au kwa mdomo kwa kipimo cha uzito wake, au aibadilishe. Mayai yake, akitaga, yasiliwe hadi muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa umalizike.

Dawa za maumivu za binadamu zisiguswe. Diklofenaki, inayouzwa kila kona, huharibu figo za ndege. Ndiyo iliyowamaliza tai wengi wa India na Pakistani waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo. Zipo dawa za maumivu zinazowafaa kuku, na nakusihi umwombe mtaalamu mojawapo, kwa kuwa tumbo lenye uvimbe linauma na kuku ni kiumbe anayeficha maumivu hadi ashindwe. Pilipili ambazo bila shaka umeshauriwa kumpa hazimdhuru, maana ndege hawasikii ukali wake, lakini pia hazimtibu. Shubiri ni hadithi nyingine: huharisha, na anayeharisha anapoteza yale maji tunayohangaika kumrudishia.

Kuna namna ya kumshika ambayo lazima binti yako aijue. Kuku hana kile kiwambo cha nyama kinachotenganisha kifua na tumbo letu na kutusaidia kupumua. Yeye hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, na ukimkumbatia kwa nguvu ukauzuia mfupa huo, unamkaba ingawa shingo hujaigusa. Kwa Kibibi hatari ni maradufu, kwa kuwa majimaji ya tumboni yanaubana mfumo wake wa hewa. Asilazwe chali hata kwa dakika moja. Mshikaji amweke juu ya mapaja, kifua kikiwa huru. Kama hawezi kusimama vizuri, viringisha khanga iwe ngata, kama ya kubebea ndoo, umkalishe katikati yake akiegemea pande zote, kidari kikiwa kimeinuka kidogo, na umgeuze kila baada ya saa chache ili asipate vidonda kwenye kidari na vifundo vya miguu. Akichafuka nyuma, msafishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu na umkaushe, maana inzi hutaga kwenye manyoya yenye kinyesi hata ndani ya nyumba, na funza hawachukui muda kuingia kwenye ngozi. Funua pia chini ya mabawa: kuku mgonjwa haji­safishi tena manyoya, kwa hiyo chawa na utitiri huongezeka kwa kasi, na utitiri humnyonya damu ambayo hana ya ziada.

Atengwe na wenzake, si kwa ajili ya maambukizi tu, bali kwa sababu kuku humdonoa aliye dhaifu. Wahudumie wale saba kwanza, kisha umalize na yeye, ukinawa kwa sabuni. Mkono uliomshika usiguse chakula, na binti yako asimbusu mdomoni wala usoni, kwa kuwa hata kuku asiye na dalili anaweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaowaumiza zaidi watoto wadogo, wajawazito na wazee. Mchana jua likitoka, mtoe nusu saa mahali anapowaona na kuwasikia wenzake kupitia wavu. Kuku akiwa peke yake kabisa huacha kula hata asipokuwa na ugonjwa.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo majirani zako wamelijibu mapema mno. Pata mizani ya jikoni na daftari. Kila alfajiri, gole likiwa tupu, mpime na uandike uzito, kiasi alichokunywa, alichokula mwenyewe bila kulishwa, na kinyesi kilivyokuwa. Macho ya anayempenda mgonjwa hudanganya, mizani haidanganyi. Katika siku tatu za mwanzo nataka kuona jambo moja kati ya haya: uzito umeacha kushuka, amedonoa kitu mwenyewe, amejinyoosha na kujisafisha manyoya, au kinyesi kimeanza kuwa na umbo na rangi ya kahawia. Likitokea hata moja, endelea. Mtaalamu anaweza pia kumpunguza majimaji ya tumboni kwa sindano, na kuku anayebanwa na maji huweza kupumua na kula siku hiyohiyo, ingawa sitakuficha kwamba mara nyingi maji hurudi, na kwamba maradhi haya ya tumbo yakishakomaa wanaopona kabisa ni wachache. Unaweza kumpatia wiki au miezi mizuri. Usijiahidi zaidi ya hapo wala usimwahidi binti yako.

Lakini kama siku tatu zimepita akiwa analishwa kila tone na uzito bado unashuka, au anahema mdomo wazi akiwa ametulia, au upanga wa kichwani mwake umegeuka zambarau, au hasimami tena na anafumba macho hata anapoitwa na sauti anayoijua, hapo kuendelea ni kurefusha mateso. Mwombe mtaalamu amalize kwa sindano. Asipopatikana kwa wakati, kisu kikali mikononi mwa mtu anayejua kuchinja, kwa haraka na mbali na wenzake, ni huruma kuliko siku mbili za kuhema. Katika hilo majirani zako hawakukosea njia, walikosea wakati, na walikosea zaidi kama walikuwa na wazo la sufuria. Nyama ya kuku mwenye maambukizi ya tumbo, tena mwenye dawa mwilini, hailiwi na mtu wala mbwa. Azikwe kwenye shimo la kina kisichopungua mita 1, mbali na kisima, kwa chokaa juu yake kabla ya udongo. Na kama amemalizwa kwa sindano, hakikisha mbwa hawafukui, kwa maana dawa hiyo hubaki kwenye mzoga. Binti yako aambiwe ukweli kabla, si baada.

Akifa mwenyewe usiku, usimzike kwanza. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, mweke mahali pa baridi bila kumgandisha, na umkabidhi mtaalamu siku hiyohiyo amfungue, kwa sababu tumbo lake litasema kwa uhakika kama wale saba wako salama.

Akipona, mrudishe bandani wakati wa jioni wenzake wakiwa wamepanda kulala, akiwa amekula mwenyewe na kuongezeka uzito kwa wiki nzima. Chokaa umwekee kwenye kopo la pembeni ajidonolee anavyohitaji, usiichanganye tena kwenye maji au dawa. Na kila atakapotaga yai laini au lenye ganda lililokunjamana, liandike kwenye daftari lilelile pamoja na tarehe, umpigie afisa mifugo kabla hajaanza kujikunyata.